Hans Peter Luhn: Mhandisi ambaye hesabu yake imo ndani ya simu yako

Mwaka jana, msimu wa mbolea, nilimtumia mama mdogo shilingi 60,000 kwa simu. Nilikuwa nakimbilia kipindi studio. Niliandika namba yake kwa kichwa, nikabonyeza haraka haraka, nikaweka namba ya siri. Jioni akanipigia kuuliza kama nimemsahau. Kuangalia ujumbe, nikakuta nimeandika 7 mahali pa 1. Pesa zilikuwa zimekwenda kwa mtu nisiyemjua. Jina lake lilionekana kwenye kioo kabla sijathibitisha, lakini sikulisoma.

Wasikilizaji wengi mmewahi kutupigia mkisimulia mkasa wa aina hiyo. Na swali huwa lile lile: kwa nini simu haikugundua kwamba namba imekosewa?

Jibu ni kwamba namba ya simu haina mlinzi. Zipo namba nyingine ambazo zinaye. Namba ya kadi ya benki ina mlinzi. Hata simu yenyewe uliyoshika mkononi ina namba ya utambulisho ambayo tarakimu yake ya mwisho ni mlinzi. Hesabu ya mlinzi huyo ilibuniwa katika miaka ya 1950 na Hans Peter Luhn, mtu aliyeanza maisha kwenye uchapishaji na nguo. Wazo lake jingine la wakati huo huo likawa mzizi wa kinga zinazolinda maneno yetu ya siri leo. Makala hii inasimulia maisha yake, na inaeleza mahali ambapo mlinzi wake anaishia.

Mtoto wa mchapishaji

Luhn alizaliwa tarehe 1 Julai 1896 katika mji wa Barmen, Ujerumani, ambao leo ni sehemu ya jiji la Wuppertal. Baba yake alikuwa fundi mkuu wa uchapishaji. Kijana alipelekwa Uswisi kujifunza kazi hiyo ya baba, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikaingilia kati, naye akahudumu katika jeshi la Ujerumani upande wa mawasiliano.

Vita vilipoisha aligeukia biashara ya nguo. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Marekani mwaka 1924. Huko alitengeneza kifaa cha kuhesabu nyuzi za kitambaa bila kuzihesabu moja moja kwa jicho. Kilikuwa kipande chenye mistari myembamba sana. Ukikilaza juu ya kitambaa, mistari na nyuzi vinafanya mchoro, na mchoro huo unakuonyesha idadi ya nyuzi. Kifaa kilipewa jina linalotokana na jina lake, Lunometer.

Hapo tayari tunaiona tabia yake. Luhn alipenda kupata jibu fupi kutoka kwenye kitu kirefu. Badala ya kuhesabu maelfu ya nyuzi, utazame mchoro mmoja.

Aliendelea kubuni vitu vya kila aina. Katika maisha yake alipata hataza zaidi ya 80, yaani hati za serikali zinazotambua kwamba ubunifu ni wako. Miongoni mwa vitu alivyobuni ni koti la mvua linalokunjika na kifaa cha kunyoosha soksi za wanawake. Alikuwa na ofisi yake mwenyewe ya uhandisi hadi mwaka 1941, alipoajiriwa na kampuni ya IBM akiwa mhandisi mwandamizi wa utafiti. Alikuwa na umri wa miaka ipatayo 45.

Masanduku ya karani

Wakati huo IBM ilikuwa kampuni ya mashine za kadi. Taarifa ziliwekwa kwenye kadi za karatasi ngumu kwa kutoboa matundu, na mashine ilisoma matundu hayo. Tatizo lilikuwa kutafuta. Mwaka 1947 wanakemia wawili, James Perry na Malcolm Dyson, waliiomba IBM msaada. Kemikali zilizojulikana zilikuwa nyingi mno, na kuipata moja kati ya zote ilikuwa kazi kubwa. Luhn akapewa tatizo hilo, na tangu hapo kutafuta taarifa kukawa kazi ya maisha yake.

Januari 1953 aliandika waraka wa ndani wa kampuni wenye pendekezo ambalo leo linatumika karibu katika kila kompyuta. Tulielewe kwa mfano wa kwetu.

Fikiria karani wa chama cha ushirika mwenye wanachama maelfu, kila mmoja na namba yake. Mkulima anakuja na namba 482715. Karani akianza kupekua mafaili tangu la kwanza, foleni itafika barabarani. Sasa afanye hivi. Aigawe namba mbili mbili: 48, 27, 15. Ajumlishe kila jozi: 4 na 8 ni 12, 2 na 7 ni 9, 1 na 5 ni 6. Kila jumla abaki na tarakimu ya mwisho tu: 2, 9, 6. Basi faili la mkulima huyu linakaa kwenye sanduku namba 296. Karani hapekui tena. Anafanya hesabu ndogo na kwenda moja kwa moja kwenye sanduku.

Ndilo wazo la Luhn. Unachukua namba ndefu, unaikatakata na kuichanganya, unapata namba fupi inayokuonyesha mahali pa kwenda. Baadaye Waingereza na Wamarekani waliliita hash, neno lao la chakula kilichokatwakatwa na kuchanganywa. Kwa Kiswahili tuseme hashi.

Mwenye jicho ameshaona kasoro. Mkulima mwenye namba 842715 naye atapelekwa sanduku 296, kwa sababu 8 na 4 ni sawa na 4 na 8. Luhn aliliona hilo, na halikumsumbua. Wakigongana, wakae sanduku moja wakifuatana. Karani akifungua atakuta mafaili mawili au matatu, atachagua. Kwa kazi ya kutafuta, kugongana ni usumbufu mdogo tu. Tuliweke akilini neno hilo la kugongana, tutalirudia.

Mlinzi mwishoni mwa namba

Mwaka mmoja baadaye, Januari 1954, Luhn aliomba hataza ya kifaa cha kushika mkononi cha kuhakiki namba. Hataza ilitolewa Agosti 1960. Enzi hizo namba zilinakiliwa kwa mkono kutoka karatasi hadi karatasi, na kila aliyenakili aliweza kukosea. Luhn alitaka namba yenyewe iseme kwamba imekosewa.

Hesabu yake ni rahisi. Tuchukue namba 2746 tuitafutie mlinzi. Anza kulia kuelekea kushoto na uzidishe kwa mbili tarakimu moja, ukiruka inayofuata. 6 mara mbili ni 12, na 1 na 2 ni 3. 4 inabaki 4. 7 mara mbili ni 14, na 1 na 4 ni 5. 2 inabaki 2. Jumla ya 3, 4, 5 na 2 ni 14. Ili ifike 20, namba inayoishia na sifuri, inahitajika 6. Basi 6 ndiyo mlinzi, na namba kamili inakuwa 27466.

Mtu akikosea akaandika 27566, jumla inakuwa 21 badala ya 20. Mashine inakataa. Akigeuza tarakimu mbili za mwanzo akaandika 72466, jumla inakuwa 24. Inakataa pia. Hesabu ya Luhn inakamata kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kugeuza tarakimu mbili zilizokaa pamoja. Linalopita ni moja tu, la kugeuza 09 kuwa 90 au 90 kuwa 09.

Unaweza kuijaribu sasa hivi. Bonyeza *#06# kwenye simu yako. Itatokea namba ya utambulisho wa simu, IMEI, yenye tarakimu 15. Wengi tuliifahamu mwaka 2016, wakati Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozima simu bandia tarehe 16 Juni. Chukua kalamu. Tarakimu ya kwanza kutoka kulia, ambaye ndiye mlinzi, iache ilivyo. Ya pili zidisha kwa mbili, ya tatu iache, ya nne zidisha, hadi mwisho. Jibu la kuzidisha likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe kwanza. Jumla kuu inatakiwa kuishia na sifuri.

Miaka ya mwisho

Luhn hakuishia kwenye namba. Mwaka 1958 alichapisha njia ya kuifanya mashine itengeneze muhtasari wa makala kwa kuhesabu maneno yanayojirudia. Mwaka huo huo, kwenye mkutano wa kimataifa wa taarifa za kisayansi mjini Washington, ilijulikana njia yake ya kutengeneza faharasa kwa mashine, ambapo kila neno muhimu la kichwa cha makala linaorodheshwa pamoja na maneno yaliyo jirani nalo. Leo ukitafuta jambo kwenye intaneti na kuona neno lako katikati ya sentensi, unaona kitu kilicho karibu sana na alichokifanya.

Alistaafu IBM mwaka 1961. Alifariki tarehe 19 Agosti 1964 huko Armonk, jimbo la New York, akiwa na miaka 68. Hakuwahi kuona simu ya mkononi. Hakuona pesa zikitumwa hewani. Na hakuona wazo lake la kukatakata namba likigeuzwa kuwa silaha dhidi ya wezi.

Mlinzi wa makosa si mlinzi wa wezi

Hapa ndipo msikilizaji anatakiwa kuwa makini, kwa sababu wengi tunachanganya mambo mawili.

Turudi kwenye namba yetu 27466. Tuseme mwizi anataka kuibadilisha kwa makusudi. Anageuza 4 ya katikati kuwa 5. Jumla imeongezeka kwa 1. Basi anampunguza mlinzi kutoka 6 kuwa 5. Namba mpya ni 27565, na jumla ni 20 kamili. Mashine inaikubali. Amemaliza kazi kwa kalamu na karatasi, kwa nusu dakika.

Hii si kasoro ya Luhn. Yeye alikuwa anapambana na karani aliyechoka, si na tapeli. Lakini maana yake kwetu ni kubwa. Namba kuwa sahihi kimahesabu si ushahidi kwamba ni ya kweli. Simu bandia inaweza kubeba IMEI iliyonakiliwa kutoka simu halali, na hesabu ikakubali. Mtu akikutajia namba ya kadi na mashine ikaikubali, bado hujui kadi ni ya nani.

Ili kumzuia mwizi, watafiti wa miaka ya 1970 walilichukua wazo la kukatakata na kuchanganya wakalidai jambo gumu zaidi. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walieleza umuhimu wa hesabu za njia moja, yaani rahisi kwenda, ngumu mno kurudi. Wengine, akiwemo Ralph Merkle, wakaendeleza. Tunda lake tunaliita hashi za usalama.

Fikiria mashine ya kusaga ya ajabu. Ukiweka kikombe cha mahindi au ukiweka gunia zima, inatoa kibaba kimoja cha unga, si zaidi si pungufu. Mahindi yale yale hutoa unga ule ule kila mara. Ili mashine hiyo iwe salama, inatakiwa kutimiza mambo matatu.

La kwanza, unga usirudi kuwa mahindi. Mwenye unga asiweze kujua kilichosagwa. Hii ndiyo sababu mfumo uliotengenezwa vizuri hautunzi neno lako la siri. Unatunza unga wake tu. Ukiandika neno lako, mfumo unalisaga upya na kulinganisha. Mwizi akivunja ghala anakuta unga.

La pili, ukibadilisha punje moja, unga wote ubadilike. Kwenye hesabu ya Luhn, kuongeza 1 hapa kunarekebishwa kwa kupunguza 1 pale. Kwenye hashi ya usalama, herufi moja ikibadilika, karibu nusu ya jibu lote linageuka bila mpangilio unaoweza kuufuata.

La tatu, asipatikane mtu awezaye kuleta mizigo miwili tofauti inayotoa unga mmoja. Hapa ndipo lile neno la kugongana linarudi. Kwa karani wa Luhn, kugongana kulikuwa usumbufu. Kwa usalama ni kifo. Kama mwizi anaweza kutengeneza mkataba wa uongo wenye unga sawa na mkataba uliotiwa sahihi, sahihi yako imehamia kwenye uongo.

Migongano ipo, haiwezi kukosekana, kwa sababu mizigo haina mwisho na vibaba vina idadi. Kinachotakiwa ni kwamba isipatikane. Hashi inayotumika sana leo, SHA-256, ina majibu yanayowezekana mengi kiasi kwamba idadi yake inaandikwa kwa tarakimu 78. Kutafuta mgongano kwa kubahatisha kunahitaji majaribio ambayo idadi yake ina tarakimu 39. Kompyuta zote za dunia zikishirikiana haziwezi.

Jambo la kushangaza wengi ni kwamba mapishi ya SHA-256 si siri. Yamechapishwa na serikali ya Marekani na yeyote anaweza kuyasoma. Usalama wake hautokani na kufichwa. Unatokana na wataalamu kuishambulia mwaka hadi mwaka na kushindwa. Na wanaposhinda, hashi inaachwa. Hashi ya MD5, iliyochapishwa mwaka 1992, ilivunjwa mwaka 2004 na mtafiti wa China, Wang Xiaoyun, na wenzake. Mwaka 2012 ikagundulika programu ya kijasusi iitwayo Flame iliyotumia udhaifu huo kujifanya imetoka kampuni ya Microsoft. SHA-1 ya mwaka 1995 nayo ilipatikana na mgongano mwaka 2017, watafiti wa Google na wa taasisi moja ya Amsterdam walipoonyesha mafaili mawili tofauti yenye jibu moja.

Mahali ambapo mashine haikusaidii

Hata mashine bora ina mpaka, na mpaka huo uko mikononi mwetu. Mwizi hawezi kurudisha unga kuwa mahindi, lakini anaweza kusaga kila aina ya mahindi na kulinganisha. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano wa namba 10,000 tu. Kwa kompyuta hiyo ni kazi ya chini ya sekunde moja. Ndiyo maana mifumo hufunga ukikosea mara chache. Na ndiyo maana wataalamu huongeza kwenye kila neno la siri vipande vya kubahatisha kabla ya kusaga, jambo wanaloliita chumvi, ili watu wawili wenye neno moja wasipate unga mmoja.

Chumvi hiyo haikusaidii kama umemtajia namba yako ya siri mtu aliyekupigia akijiita wakala. Huyo hana haja ya kuvunja mashine, kwa sababu umemkabidhi mahindi yenyewe.

Na haikusaidii unapokosea namba ya mpokeaji kama mimi. Namba za simu hazina tarakimu ya Luhn. Kila namba inayokaribiana na ya mama mdogo inaweza kuwa namba halali ya mtu mwingine, na mtandao hauna njia ya kujua kwamba hukuikusudia. Mlinzi pekee uliye naye ni lile jina linalotokea kwenye kioo kabla ya kuweka namba ya siri. Lisome lote, hadi jina la mwisho. Likiwa si lenyewe, ghairi.

Zile shilingi 60,000 sikuzipata. Namba ile ilipokelewa mara moja, ikakatwa, na haikupokelewa tena. Mama mdogo aliweka mbolea wiki mbili baada ya majirani, na mahindi yake yalionyesha tofauti. Tangu siku hiyo nikituma pesa nasimama kwanza, nasoma jina kwa sauti, ndipo nabonyeza.